Siku Nilipomuangusha Mama Mukwe Chini ya Vantilatere

Mucheke tu, nimezoea. Mutu aliyemukumbatia mama mukwe wake mbele ya ukoo muzima na kumubwaga chini kama gunia la muhogo, anaficha nini tena? Lakini ninyi munajua kicheko tu, ule woga wa siku ile hamuujui.

Ilikuwa wakati wa Zaire, sisi wanaume tunajifunga abakosti, ile koti ya kufunga mpaka shingoni, hata jua la Kalemie likiwaka namna gani. Bibi yangu, Mama Feza, alikuwa ametoka kuzaa huyo Feza, mutoto wetu wa kwanza, na mama yake alikuwa anakuja na treni toka Niemba kumuona. Basi mimi, kwa kupenda sifa (ugonjwa wangu njo huo), nikanunua vantilatere ya kutundika darini, ile watu wa Kigoma wanaita pangaboi, ya zamani, bawa moja limepinda. Nikalinyoosha na nyundo pale kizingitini. Fundi mumoja akaniambia: "Papa, mabawa yasipokuwa na uzito sawa itayumba, na ikiyumba italegeza kila kitu. Toboa boriti, tia bulo nene, ile skurubu ya nati, kisha uweke waya wa pili wa kuidaka." Nikasema ndiyo, ndiyo. Lakini treni ilikuwa inaingia siku ile ile, na darini kulikuwa na ndoano ya zamani ya kutundikia taa ya petroli, nikajiambia, ndoano si ndoano? Nikaitundika pale.

Sasa kwetu, munajua, mama mukwe haguswi. Humupi mukono, humuangalii usoni, neno lako linapita kwa mutu mwingine, na mukikutana njiani unaingia kwenye majani. Kwa hiyo mimi nikakaa mbali, karibu na mulango, na kwa kumuheshimu nikaagiza fotei yake, kiti kikubwa cha mikono, iwekwe katikati kabisa, chini ya upepo. Wazee wa ukoo waliokuja kumupokea wakasifu. Mimi nikajisifu zaidi yao. Papa Kitenge, kaka ya bibi yangu, akafurahi mpaka akaenda kwenye swichi kuongeza vitese, ule mwendo wa kuzunguka, akaifikisha mwisho.

Chakula kilipoletwa nikasikia ke, ke, ke. Nikainua macho. Yoo, mama yangu! Ile kitu ilikuwa inazunguka huku inatikisa kiuno, na ndoano inacheza pamoja nayo. Vumbi la chokaa likaanguka kwenye kitambaa cha kichwa cha mama mukwe, akalipangusa bila kuuliza. Swichi ilikuwa ukutani nyuma ya fotei yake, na kuifikia ni kupitisha mukono juu ya bega lake.

"Papa Kitenge," nikasema pole pole, "pengine Mama asogee kidogo, upepo utamupiga kifua."

"Aka! Unamuondoa Mama kwenye kiti ulichomupa mwenyewe?"

Wazee wakaguna. (Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, nimeifunga vibaya, lakini kwa zile sifa zote nilizojipa, nikayameza na ugali.) Nikakaa na sahani yangu magotini, ninahesabu ke, ke, ke, ninaomba umeme ukatike, ule umeme uliokuwa unakatika kila siku, siku ile ukakataa.

Halafu Mama Feza akatokea jikoni, amemubeba mutoto, anamupeleka kwa mama mukwe apakatwe pale kwenye fotei. Hapo akili ikaniruka. Nikatupa sahani, nikaruka meza, nikamukamata mama mukwe kiunoni, tukaanguka wote wawili, mimi juu, kitambaa cha kichwa kule, ugali huku. Mama Feza akapiga kelele, akasimama pale pale.

Kisha mama mukwe, hata pale chini hakusahau desturi, akasema kwa watu: "Mumuambie mukwe wangu ananivunja mbavu."

"Amelewa!" muzee mumoja akapaza sauti, ameshika fimbo. Mimi ninaonyesha juu tu na kidole. Papa Kitenge akazima, akangoja mabawa yasimame, akapanda mezani, akaigusa. Ikamuangukia mikononi na ndoano yake, imenyooka kama musumari.

Nikapumua. Nikafikiri, sasa watanishukuru.

Mama mukwe alikuwa anajifunga kitambaa, amenipa mugongo. "Mumuulize," akasema, "alijua tangu saa ngapi?"

Hakuna aliyenipitishia swali lile, halikuhitaji mutu wa kati. Wote wakaniangalia. Mama Feza akamukaza mutoto kifuani, akarudi jikoni.

Kuku mbili nilitoa kwa kosa la kumugusa, zikapokelewa, hiyo ikaisha. Lile swali, mama yule alifariki sijalijibu. Leo nikiona kitu kinayumba juu ya kichwa cha mutu, hata kama nimekitundika mimi, ninapiga kelele kwanza. Aibu yangu itanikuta nyuma, mutu akiwa muzima.