Kamba Aliyoshika Baba Mdogo

Juzi nilipitwa na pikapu Jogoo Road, turubai limefungwa kwa kamba ya katani, na papo hapo nikasikia harufu ya petroli na mahamri.

Mchana ule wa utotoni mwangu, Buruburu, eda ya mama ilikuwa imekwisha jana yake. Alikuwa akipakia pikapu ya marehemu baba twende kwao Lamu: godoro la kulalia njiani, maana gesti hatungeziweza, jiko la makaa, madumu ya maji, na beseni la mahamri ya moto yanayonukia iliki. Mimi nilikalishwa juu ya godoro nilinde mahamri, nikawa nayala.

Baba mdogo akaja, kanzu imenyooka kwa pasi.

"Shemeji, eda imekwisha. Gari la kaka sasa linarudi kwetu."

"Linarudi? Kwani lilitoka kwenu?" Mama hata hakugeuka. "Hebu nishikie kamba hii. Vuta sana, turubai lisije likapeperuka."

Akavuta mpaka kanzu ikalowa jasho mgongoni. Nilimpenda sana siku ile. Nilidhani amekuja kutusaidia.

Alikuja kuchukua ufunguo. Mpaka leo upande wa baba wanasema mama aliiba gari. Wacha waseme. Gari la mumewe aliliiba kwa nani?

Mama alikaza fundo la mwisho, akaingia, akawasha injini. Baba mdogo bado alikuwa ameshika mkia wa kamba.

"Ahsante, shemeji," mama alimwambia dirishani. "Sasa achia."

Akaachia.