Paka wangu alikonda, nikamwambia shangazi aonje chai kwanza

Wakuu, salamu kutoka Arua, upande wa Dadamu.

Mimi huwa ni msomaji tu humu. Nasoma nyuzi zenu, nacheka, nafunga simu. Leo naandika, na ninayoyaandika yametokea kwangu mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Anayetaka kunitukana asubiri afike mwisho, nitampa sababu za kutosha.

Kwanza mnijue.

Mimi ni mzaliwa wa Ludara, wilaya ya Koboko, huku huku kaskazini magharibi mwa Uganda. Niliondoka na begi moja, nikakaa Dar miaka kumi na moja. Nimebeba zege, nimeuza vocha juani, nimesoma masomo ya jioni hadi nikapata diploma ya umeme. Nimerudi nyumbani, nina duka la sola mjini, nimejenga nyumba ya vyumba vinne yenye bati la rangi. Diploma iko sebuleni ndani ya fremu, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione. Sioni aibu kulisema hili. Wapo niliorudi nao ambao mpaka leo wanaomba sigara stendi.

Nyumba ilipokwisha nikamleta shangazi yangu Zaituni kutoka Ludara aje tuishi wote. Ni dada wa baba, mjane wa sajini wa jeshi, hakujaliwa mtoto. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana na huyu ndiye aliyenilea. Alikuja na sufuria zake, jiko lake la mkaa na paka mmoja mchanga wa kukamata panya.

Paka dume, wa kijivu, ana mistari mitatu mguu wa mbele kama cheo. Shangazi akampa jina la Sajini, akasema angalau nyumba ipate mwanajeshi tena.

Mimi si mtu wa paka. Lakini sijaoa, na huyu kiumbe alikuwa ananisubiri getini kila nikitoka dukani. Alilala juu ya miguu yangu. Baada ya miaka miwili ungemuuliza mtu yeyote Dadamu paka ni wa nani, angekwambia ni wa fundi sola.

Nikaamua ale kama paka wa watu waliosoma. Nikawa naagiza Kampala chakula kikavu cha mfuko, vile vipande vigumu vya duara. Shangazi nikamkataza kabisa kumpa masazo na samaki. Nilimwambia chakula changu kina vitamini zote, kimepimwa.

Shangazi alikitazama, akakigonga kwa kucha, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Hii iko mawe."

Miaka miwili paka alikula hayo mawe vizuri tu. Mwaka huu akaanza kukonda.

Niliona siku moja nilipomnyanyua. Ilikuwa kama kunyanyua shati. Mgongo unahesabika.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nikaazima mizani ya kuning'iniza sokoni, nikamweka ndani ya kikapu, nikapima. Kilo nne kasoro kidogo. Wiki mbili baadaye tatu na nusu. Halafu tatu na robo. Yote nimeyaandika kwenye simu.

Kilichonichanganya ni kimoja. Asubuhi nilijaza bakuli nyuma ya nyumba, jioni nikirudi nilikuta limesafishwa. Paka anakula bakuli zima kila siku na bado anakonda!

Nikasema ni minyoo. Nilinunua dawa ya minyoo ya mbuzi, nikapiga hesabu ya uzito mwenyewe, nikampa. Hakuna kilichobadilika zaidi ya paka kunikimbia siku mbili. Kwa daktari wa mifugo sikwenda. Niliona nitakwendaje kuuliza jambo ambalo naweza kulisoma mwenyewe.

Shangazi aliniambia mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Paka hii iko na shida ya mdomo." Mara ya pili alisema, "Toto ya kaka yangu, fungua mdomo ya paka, angalia."

Nikamjibu, "Shangazi, paka mwenye shida ya mdomo anamalizaje bakuli?"

Akanitazama, akaenda zake jikoni.

Sasa aingie jirani. Namwita Adriko. Ana karakana ya baiskeli na anafuga kuku wengi, uzio wetu ni mmoja. Siku moja alimwona Sajini amejilaza kwenye ukuta, akaguna.

"Fundi, huyo haumwi. Huyo anapewa kitu."

"Kitu gani?"

"Wewe si wa huku? Wanajaribu kwa mnyama kwanza. Nani anashinda nyumbani kwako?"

Kwa mliokulia Dar au Mombasa, hapa ni lazima niwaeleze. Kwetu West Nile jambo la sumu si mzaha. Mgeni akija, mwenye nyumba hunywa funda moja mbele yake ndipo ampe kikombe, aone kwamba kiko salama. Mgeni hufanyiwa hivyo. Ndugu hafanyiwi. Ndani ya familia ukimwambia mtu aonje kwanza, umemwita muuaji. Na mwanamke akishaitwa hivyo, hakuna anayekula tena kutoka mkononi mwake.

Nilijua hayo tangu utotoni. Dar haikunisahaulisha.

Wiki ile ile nilirudi nyumbani adhuhuri kuchukua waya. Nikamkuta shangazi amechuchumaa nyuma ya jiko na Sajini mbele yake. Alikuwa anakoroga kitu cha kijivu ndani ya kopo kwa vidole. Aliponiona alishtuka, akafunika kopo kwa leso.

Sikuuliza ni nini. Hilo ndilo kosa langu la kwanza katika makosa ambayo siwezi kuyarudisha. Niliingia ndani, nikachukua waya, nikatoka.

Ijumaa baada ya swala walikuja wanaume watatu, wateja wangu wakubwa, tuzungumze kazi ya sola ya shule moja. Adriko naye alikuwepo. Shangazi akaleta chai kwenye sinia. Akaonja ya wageni kama desturi, akawapa. Halafu akaniwekea yangu.

Nikasema, "Onja na hii, shangazi."

Mmoja wa wale wanaume aliyekuwa ameinua kikombe alikirudisha mezani polepole.

Shangazi hakulia wala hakupiga kelele. Alichukua kikombe changu, akanywa mpaka nusu, akakiweka mbele yangu.

"Nimeonja. Kunywa sasa."

Sikunywa. Wageni nao hawakumaliza chai zao.

Shangazi alikuwa anakaanga mandazi na kuuza njia panda kila asubuhi. Si kwa shida, nilimpa kila kitu. Alipenda tu watu wamsalimie. Jumamosi beseni lilirudi limejaa. Jumapili pia. Jumatatu mwanamke mmoja, mteja wake wa tangu siku ya kwanza, alimpita na kuangalia upande wa pili wa barabara.

Jumanne alifunga sufuria zake.

Alisimama mlangoni, akaniambia, "Jina yangu ilikuja hapa nzima. Sasa Ludara nafika na nini?"

Nikamuuliza kama anamchukua paka. Akasema, "Paka iko yako. Na mawe yake iko yako."

Wakuu, nitasema ukweli kama nilivyoahidi. Siku ile niliona nimeokoa maisha yangu. Adriko alinipongeza.

Lakini Sajini hakunenepa. Alizidi kuporomoka, tena kwa kasi. Ndani ya siku kumi mizani ikasoma kilo mbili na nusu. Mtu mwenye akili angejiuliza: mwenye sumu ameondoka, mbona paka anaisha? Mimi nilisema sumu bado iko mwilini.

Kisha malaria ikanilaza. Siku tatu nililala kwenye mkeka barazani nyuma, mahali ambapo bakuli linaonekana. Katika miaka yote ya nyumba ile sikuwahi kukaa hapo mchana hata saa moja.

Nikaona.

Sajini alikuja kwenye bakuli. Akachukua kipande kimoja, akainamisha kichwa upande, kipande kikaanguka. Akachukua tena, kikaanguka. Akajifuta mdomo kwa mguu kama anayetoa mwiba. Halafu akarudi nyuma, akakaa, akawa anaangalia tu.

Chini ya uzio kuna nafasi ambako mvua imekula udongo. Hapo wakapita kuku wa Adriko, mmoja baada ya mwingine, jogoo nyuma yao. Wakala kila kitu. Wakapangusa midomo chini, wakarudi kwao.

Kuku wale walikuwa wamenona kuliko kuku wote wa Dadamu. Vitamini zote za Kampala zilikuwa pale.

Nikiwa bado natetemeka nilimweka paka kwenye kikapu, nikaenda kwa daktari wa mifugo mjini. Mzee wa ng'ombe na mbuzi, alicheka kuona paka. Alipomfungua mdomo hakucheka. Harufu ilijaa chumba kizima. Meno mawili ya nyuma yameoza hadi kwenye mzizi, fizi ina usaha.

"Hii ni ya miezi," akasema. "Analishwa nini?"

Nikamtajia.

"Hapana. Kwa hicho angekuwa amekufa zamani. Kuna mtu alikuwa anampa kitu laini. Samaki wa kupondwa, mchuzi, kitu kama hicho. Muulize mama nyumbani."

Niliinamisha kichwa. Nilipokuwa mdogo niliugua surua, mdomo ukawa vidonda vitupu. Shangazi alinipondea samaki kwa vidole, akachanganya na maji aliyomchemshia, akanilisha tone kwa tone. Rangi ya kijivu. Kwenye kopo.

Alimlisha paka kwa kificho kwa sababu mimi nilikuwa nimemkataza.

Nilimfuata Adriko kwa hasira. Alikuwa anaziba tundu la mpira, hata hakusimama.

"Mimi nilisema maneno," akasema. "Aliyemwambia aonje ni wewe."

Niligeuka, nikarudi kwangu.

Meno yaling'olewa, Sajini akala samaki laini kwa mkono wangu. Mwezi mmoja na nusu akarudi kilo nne. Nikajidanganya kwamba nikimpeleka Ludara akiwa amenona, mambo yatakwisha. Nilibeba sukari na kitenge kizuri.

Neno lilikuwa limefika kabla ya shangazi. Sokoni Ludara nilipouliza anapouza mandazi, mwanamke mmoja aliniambia, "Huyo hauzi tena," akageuka kupanga mihogo yake.

Nilimkuta anapura karanga uani. Nilipiga magoti, mimi mtu mzima mwenye ndevu, nikamweleza yote: meno, kuku, daktari. Akamchukua Sajini mapajani, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akaangalia mashimo.

"Nilisema mdomo."

"Ulisema, shangazi. Nisamehe. Nitaita majirani wako wote hapa niwaambie."

"Hapa hapana mutu alisikia wewe. Watu ya ile chai iko Dadamu. Sema kule."

Kisha akaingia ndani, akatoka na chai. Kikombe kimoja. Akasimama mbele yangu, akanywa funda moja, akafuta ukingo kwa kidole, akanipa.

"Shangazi, usionje. Mimi si mgeni."

"Mutu ikitoka Arua naonjea yeye," akasema. "Kunywa."

Nilikunywa yote.

Nilirudi Dadamu bila paka. Alikataa kutoka mapajani na mimi sikumlazimisha. Nimekwenda kwa wale wanaume watatu mmoja mmoja, nimekiri. Wote wamesema, "Sawa, tumesikia." Mmoja wao alinisindikiza mpaka njiani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini fundi, wewe kweli hukuwahi kuumwa tumbo?"

Basi nilichojifunza ni hiki. Paka wako akikonda na bakuli linaisha, usiamini bakuli. Kaa chini umwangalie akila, mfungue mdomo, mpeleke kwa daktari. Na mtu aliyekulea akikwambia kitu, kifanye kwanza, ubishi baadaye.

Ushauri wa paka sihitaji tena, yuko mahali pazuri. Ila kama yupo humu aliyewahi kumwondolea mtu jina baya alilompa yeye mwenyewe, aandike hapa chini alifanyaje. Matusi pia nitayasoma.