Kaka Yangu Msemaji na Dakika Kumi za Mwalimu

Kaka yangu Poutoa akishika kipaza sauti, chakula kinapoa. Iwe harusi, msiba au paa jipya la kanisa, yeye ndiye msemaji wa ukoo wetu, na msemaji wa Kisamoa hakurupuki. Kwanza anamshukuru Mungu, kisha anawasalimu wakubwa kwa vyeo vyao, kisha anaomba radhi kwa kusimama mbele yao, halafu ndiyo anaanza. Kazi yake ni kupakia mizigo ya ndege hapa Auckland, na sitashangaa nikisikia masanduku nayo anayasalimia.

Mimi ni dada yake mkubwa. Kwetu kaka hampingi dada, na hiyo ndiyo raha niliyozaliwa nayo. Ndiyo maana binti yake, Fetuao, alinijia mimi tukiwa tunakunja nguo.

“Shangazi, mwalimu wa sayansi anataka kunishusha mwakani, niende darasa la sayansi nyepesi. Anadhani sielewi kitu. Ataamua siku ya wazazi.”

“Na unaelewa?”

“Naelewa yote. Ila akiniuliza nainamisha macho, nanyamaza.”

Nani wa kumlaumu? Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kwamba mtoto hajibizani na mkubwa wala hamkodolei macho. Na msichana huyu anataka kuwa mkunga. Bila darasa lile, ukunga atausikia redioni. Mama yake alikuwa Apia, huko kwetu visiwani, akimuuguza bibi, kwa hiyo shuleni angekwenda kaka peke yake, na hapo tungekuwa tumekwisha. Nikampigia simu.

“Poutoa, utapewa dakika kumi tu. Usiende kuhutubia. Muulize mwalimu hivi: mtoto anakwama wapi, na sisi nyumbani tufanye nini? Kisha funga mdomo.”

“Nimekusikia, dada.”

“Hujanisikia. Rudia.”

Akarudia vizuri kabisa, neno kwa neno.

Siku ilipofika nami nikaenda, nikamkuta kwenye geti la shule. Kitambaa rasmi kiunoni, usinga wa msemaji begani, mkeka wa zawadi kwapani, fimbo ndefu ya usemaji mkononi. Fetuao nyuma yake amebeba sinia la mikate ya nazi, uso chini.

“Hiyo fimbo ya nini?”

“Ya kuegemea.”

“Mguu umeumia lini?”

“Unaweza kuumia, dada.”

Ukumbini kila mwalimu alikuwa na kimeza chake, na kengele ikilia, wazazi wanabadilishana. Mwalimu Hadley, kijana mpole mwenye ndevu za kuhesabika, akainuka kutupa mkono. Maskini, hapo ndipo alipojiponza. Kaka alipoona mwenyeji amesimama, naye hakukaa tena. Akakita fimbo sakafuni.

Akamshukuru Mungu. Akausalimu mlima wa Mangere ulio jirani na shule, akamsalimu mkuu wa shule ambaye hata hakuwepo, akawasalimu walimu wastaafu na marehemu. Akaomba radhi kwa ajili ya mikate, eti midogo. Nilimpiga teke la kifundo, akapandisha sauti. Baba mmoja Mtonga, wa visiwa jirani na vyetu, aliyekuwa meza ya pili, akamwacha mwalimu wake anaongea peke yake, akawa anamwitikia kaka. Nilitamani sakafu inimeze.

Hatimaye akaketi, akajifuta jasho, akasubiri. Kwetu hotuba hujibiwa kwa hotuba. Usipomjibu msemaji, umemtukana yeye na ukoo wake. Mwalimu Hadley angejuaje?

“Asante sana,” alisema. “Sasa, kuhusu Fetuao...”

Kengele ikalia. Mama mwingine alikuwa tayari amesimama nyuma yetu na mwanawe.

“Hajanijibu,” kaka aliniambia kwa Kisamoa, uso umemwiva. “Twende zetu.”

“Kaa chini. Hujauliza hata lile swali.”

“Nimuulize mtu aliyenidharau?” Akashika fimbo yake. Nikauona ukunga wa yule mtoto unaondoka nayo.

Fetuao akaweka sinia mezani. Akazunguka, akasimama upande wa mwalimu, akamtazama baba yake.

“Mheshimiwa msemaji,” alisema, “naomba radhi kwa kusimama. Nawajibu kwa niaba ya upande huu wa meza.”

Akaushukuru mkeka, akaishukuru mikate, akaurudishia mlima salamu zake, yote kwa mpangilio ule ule wa baba yake. Kisha akasema, “Neno la shule ni hili. Binti yenu haongei darasani, kwa hiyo mwalimu anadhani haelewi. Anaelewa. Anajua damu inavyoingia moyoni na inavyotoka. Anajua mtoto anavyopata hewa kabla hajazaliwa. Ila amelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na mwalimu ni mkubwa.” Akaushika ukingo wa meza. “Anaomba asishushwe. Anaogopa sana kushushwa.”

Nililia palepale, wala sikujificha.

“Mwaka mzima,” alisema Mwalimu Hadley taratibu, “sijawahi kumsikia akisema zaidi ya ndiyo.”

Yule mama wa nyuma akatuambia tuendelee, yeye atasubiri. Kaka akailaza fimbo sakafuni.

“Mwalimu,” alisema, “mtoto anakwama wapi, na sisi nyumbani tufanye nini?”

Kisha akafunga mdomo. Mimi niliyemlea sijawahi kuona kitu kama hicho.

Mwalimu akasema Fetuao atabaki darasani, ila azoeshwe kusema mbele ya mkubwa. Kila jioni amweleze baba yake alichosoma, kwa sauti, na baba asikilize.

“Dakika kumi tu, bwana.”

“Bila mimi kusema chochote?”

“Bila kusema chochote.”

Kwenye gari kaka alinung'unika njia nzima kwamba mtoto amesema vizuri lakini amemsahau mkuu wa shule kwenye salamu. Na ile kazi ya nyumbani aliyopewa yeye ilimshinda wiki nyingi. Mtoto akianza habari za figo, baba anadakia na ukoo wa mtu aliyewahi kuumwa figo.

Juzi nilipita kwao kuchukua sufuria yangu. Fetuao alikuwa amesimama sebuleni anaeleza mapafu, macho juu, usinga wa baba yake begani. Kaka alikuwa amekaa mkekani, kimya. Nilipofungua mdomo kumsalimu, akaniinulia mkono.

“Subiri, dada,” alininong'oneza. “Msemaji hajamaliza.”