Bibi Mwanamvua na Kofia ya Mtani Wake

Bibi yangu Mwanamvua binti Pazi alikuwa na ulimi. Nayasema haya mapema kwa sababu wapo watu pale Msimbu, wengine ndugu zangu wa damu, wanaomsimulia siku hizi kama walii aliyekwenda kutuliza vita akiwa na tasbihi mkononi. Uongo mtupu. Tasbihi aliiacha nyumbani. Alikwenda na ulimi wake.

Alikuwa mfupi, mwenye mwanya, mjane tangu ujana, akiishi kwa mihogo na mikeka. Ukili haukumtoka mkononi. Alisuka akitembea, alisuka akigombana. Na ukiondoa mwanawe wa pekee, hakuna alichokipenda duniani kama utani. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na Bibi aliushika utani huo kama sunna. Mnyamwezi akipita Msimbu na kuku, Bibi atamnyang'anya kuku huyo, na mwenye kuku atacheka. Akifa Mnyamwezi, Bibi atalala mlangoni kuzuia jeneza mpaka apewe chake. Wao walimwita mtumwa, naye akawaita watumwa, kisha wakala sahani moja. Mtani hakasirikiwi wala hapigwi, na anayempiga amejitafutia aibu ya maisha.

Huyo mwana wa pekee ni Mwinjuma, baba yangu. Mwaka wa nzige alikuwa na miaka ishirini hivi, mwanafunzi wa Mwalimu Mwinyimadi, mzee aliyekuwa na zawiya yake ya dhikri na masomo msituni, mwendo wa saa mbili kutoka Msimbu. Palikuwa na msikiti wa udongo, vibanda kumi na kitu, ua wa magogo kuzunguka, na makaburi ya walimu watatu waliomtangulia. Serikali ya Kiingereza ikaja kuweka mawe ya mpaka, ikasema msitu wote ni wake, watu watoke. Mwalimu akauliza, na makaburi je? Akajibiwa kwamba makaburi hayalimi wala hayakati miti, kwa hiyo yanaweza kubaki. Jibu hilo liliwachoma watu kuliko amri yenyewe.

Tarishi aliyerudi na amri mara ya pili alifukuzwa kwa mapanga. Kisha wanaume thelathini wakajifungia ndani ya ua na pinde, mapanga na magobori waliyozoea kulindia mihogo isiliwe na nguruwe. Wakaapa mbele ya makaburi kwamba hawataitolea Serikali silaha zao. Baba aliapa pamoja nao, na kwa sauti kubwa kuliko wote. Ndivyo alivyokuwa.

Wakaja askari ishirini, bwana mmoja Mwingereza, na Sajini Mihambo. Siku ya kwanza gobori moja lililia kutoka ndani na askari akaumia paja. Asubuhi ya pili yule bwana akaondoka kwenda kuleta askari zaidi na bunduki kubwa, ile ya kumimina risasi kama mtu anayemwaga mtama. Alimwachia Sajini maneno machache: akirudi Alasiri awakute wametoka, la sivyo hakutakuwa na mazungumzo tena.

Habari za kuzingirwa zilikuwa zimefika Msimbu tangu usiku, na Bibi akafika zawiyani kabla jua halijapanda. Alisogea mpaka kwenye magogo, akamwita mwanawe. Baba akamjibu kwa ndani, bila kujitokeza, kwamba arudi nyumbani, ameshaapa. Bibi akarudi nyuma kwa askari, akaketi chini. Yeye mwenyewe hakuwahi kutuambia kama alilia. Aliyetuambia ni jirani yake Zubeda, aliyekwenda naye: alilia mpaka ukili ukamdondoka.

Akiwa pale chini akamsikia Sajini anamkaripia askari mmoja, na lafudhi ile akaitambua. Akainua kichwa, akamuuliza wewe ni mtu wa wapi. Sajini akasema Unyanyembe, kwa Wanyamwezi. Bibi akajipangusa uso kwa upande wa kaniki, akasimama, akaanza. Akamuuliza mtumwa wake huyu kaingiaje nchi ya bwana zake bila kupiga hodi, na huo utosi bapa kaupata kwa mizigo ya nani. Sajini alijitahidi kununa. Lakini mtu akiwa mbali na kwao anaona njaa ya utani, nadhani, maana alishindwa, akamjibu kwamba Wazaramo kumi hawawezi kubeba gunia moja ila wakipigiwa ngoma. Hajamaliza kucheka, Bibi kamrukia, kamvua tarbushi, kaivaa, na huyoo anakimbia kuelekea langoni.

Askari wakainua bunduki, Sajini akawapigia kelele washushe. Waliokuwa ndani walichungulia wakaona mwanamke mtu mzima anakuja mbio na kofia ya polisi kichwani. Wakafungua lango kwa mshangao tu.

Sasa tazameni matatizo ya Sajini. Bwana wake anarudi Alasiri, naye yuko kichwa wazi. Kofia ni mali ya Serikali. Na kitu alichochukua mtani hakirudishwi kwa bunduki, mwenyewe anakifuata na kukikomboa. Sajini Mihambo akaweka bunduki chini, akafungua mkanda, akatembea peke yake hadi langoni.

"Hodi, watani," akasema. "Nimekuja kukomboa kofia yangu."

Wanaume thelathini walitazamana. Kiapo dhidi ya Serikali walikuwa nacho, dhidi ya mtani hawakuwa nacho. Mzee Isihaka, muadhini, ndiye aliyeanza kucheka, na baada ya siku mbili za kununa kicheko kiliwashika wote. Wakamwingiza.

Bibi alikuwa ameketi barazani na kofia yake. Fidia aliyoitaka ni maji, kwa kuwa mitungi ilikuwa mikavu na watu walikuwa wanatayamamu tangu jana. Basi Sajini alishuka kijitoni na kupanda, mara nne, debe kichwani kama baba yake alivyobeba pembe za watu, huku askari wake wakimkodolea macho. Watu wakanywa, wakatawadha. Bibi akamvalisha kofia kwa mikono yake.

Wengi wanadhani hadithi inaishia hapo. Sajini aliiweka sawa kofia, akamwinamia Mwalimu Mwinyimadi, akalichukua gobori lililokuwa mapajani mwake.

"Ninyi mmechukua chenu," akasema. "Na mimi ni mtani hapa."

Mwalimu alimtazama Sajini, akayatazama makaburi, akavuta ndevu. Alikuwa mzee anayejua anaongoza watoto wa watu.

"Mtani kachukua," akasema. "Mimi sikutoa."

Wakaelewa. Sajini akapita kwa kila mmoja, akichukua na kutukana: hili la kuwindia panya, huu upinde wa kuchezea watoto. Wakamtukana na wao, na silaha zikaenda. Mpaka akafika kwa Mwinjuma, ambaye hakuwa amecheka hata kidogo, na mdomo wa gobori lake ulikuwa umeelekea kifuani kwa Sajini. Jua lilikuwa limeshapinda.

Bibi akaja, akasimama katikati, kifua chake mbele ya chuma.

"Mwanangu," akasema, "na wewe sina utani. Nipe mimi."

Baba aliniambia mwenyewe kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mama yake akisema bila mzaha ndani yake, na hilo ndilo lililomwogopesha, si bunduki za askari. Kiapo kilitaja Serikali, hakikumtaja mama. Akampa.

Bwana aliporudi Alasiri alikuta silaha rundo moja na wanaume thelathini wamechuchumaa nje, wamenyoosha mikono kwa pingu. Akamsifu Sajini kwa ushujaa. Sajini akapiga saluti, kofia ikiwa mahali pake. Mwalimu Mwinyimadi alihamishiwa kusini na alifia huko. Sisi tunamsomea hitima kila mwaka. Zawiya ilivunjwa. Baba alifungwa mwaka mmoja na nusu, na Bibi alimpelekea mihogo ya kukaanga kila alipopata mtu wa kumtuma.

Alipotoka hakusema na mama yake siku tisa. Anakula, anakwenda shamba, anarudi, kimya. Bibi naye akamwachia, jambo ambalo nalihesabu kuwa gumu kuliko kukimbia mbele ya bunduki, kwa mtu mwenye ulimi ule. Siku ya kumi, wakiwa kwenye ugali na kisamvu, Baba akasema:

"Mama, ulinifedhehesha mbele ya wenzangu."

Bibi akasukuma bakuli la kisamvu upande wake.

"Fedheha utaizoea, mwanangu. Mimi kukuzika nisingezoea."

Baba akanawa tena mikono, ingawa alikuwa ameshanawa, akala.