Mabenchi ya Kuazima

Saa tatu kasoro robo asubuhi gari la mkaguzi wa shule lilipanda kilima chetu, juu ya Mbalizi, nasi wanafunzi tulikuwa tumepangwa mstari tangu alfajiri, midomo imepasuka kwa baridi. Ninaitaja saa kwa uhakika kwa sababu siku hiyo darasa letu lilikuwa na saa ya ukutani. Siku nyingine zote halikuwa nayo.

Wenzangu mliozaliwa miaka ya vita mtazikumbuka shule zile. Tulikaa juu ya magogo, tukaandika kwenye vibao vya mawe, na kila Ijumaa wasichana walisiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe. Viazi vya kuchoma tulikuja navyo mfukoni, vikatupasha joto njia nzima kabla ya kuwa chakula cha mchana. Mpira wa matambara ukilowa umande ulikuwa mzito kama jiwe, na mlinda mlango alijifanya hakuuona. Hatukujiona maskini, maana tulikuwa hatujaona cha kulinganisha.

Mkaguzi alikuja kwa sababu baraza la wenyeji lilikuwa limetenga ruzuku kwa shule moja: madawati, vifaa, na nafasi ya mwalimu kwenda Iringa kusomea ualimu. Za kuchagua zilikuwa mbili, yetu na ile ya ng'ambo ya mto, alikosoma Yoramu, mtoto wa shangazi yangu. Baba, aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi upande wetu, aliwauliza wenzake, "Nani anamwoza binti kwenye nyumba inayovuja?" Wakakubaliana naye. Wakapaka kuta chokaa, wakaazima mabenchi kanisani, na ramani na saa misheni. Magogo yetu tuliyaficha kwenye shamba la pareto.

Mkaguzi alizunguka, akagusa benchi, akamgeukia mwalimu wetu, Mwalimu Lazaro. "Mna upungufu gani hapa, Mwalimu?"

Mwalimu Lazaro alifungua mdomo. Baba akamuwahi. "Hatuna shida, bwana mkubwa. Tunashukuru tu."

"Hongereni, wazee. Laiti shule zote zingekuwa hivi."

Tulipiga makofi. Mgeni akafungiwa kuku wa njiani.

Mchana alivuka mto, mvua ikinyesha. Huko mume wa shangazi alimkalisha kwenye gogo, chini ya tundu la paa. "Kaa hapo, bwana," alimwambia. "Ndipo wanapokaa watoto."

Ruzuku ikaenda kwao.

Wivu wangu ulianzia hapo. Yoramu alikuja kwetu Jumapili akinuka mbao mpya, akanyoosha kidole mbele ya wenzetu wote. "Sisi dunia tunaizungusha kwa hiki. Ninyi yenu bado imelala ukutani? Aa, nimesahau, mlishairudisha!" Nilimpiga. Shangazi akacheka: "Mwacheni, ni wivu huo." Alisema kweli. Nilivuka mto nikachungulia dirishani, nikaliona tufe la dunia, chaki za rangi, na madawati yenye tundu la wino. Mwalimu wao, Mwalimu Yesaya, alirudi kutoka Iringa mtu mwingine. Alifundisha sehemu kwa kukata kiazi, na eneo kwa kuwatoa watoto nje na kamba wakapime shamba. Mwalimu Lazaro, mtu mwema, alitufundisha kama alivyofundishwa: aliandika, tukaimba, tukasahau.

Nilimwomba baba anihamishie kule.

"Mtoto wa mwenyekiti avuke mto kuomba masomo?" alisema. "Watatuonaje?"

Mtihani wa darasa la nne ulikuwa mlango pekee wa kwenda la tano. Ulipokuja, uliuliza sehemu na maeneo. Kwetu hakupita hata mmoja. Yoramu alipita. Siku alipoondoka kwenda shule ya kati, mama alinituma nimbebee sanduku lake la bati hadi barabarani. Nililibeba.

Ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vichakavu vya mwenye duka mmoja wa Kihindi pale Mbalizi. Nilikuwa sifunui ukurasa wa pili kabla sijauelewa wa kwanza. Hesabu ya eneo la shamba niliielewa nikiwa tayari na watoto watatu.

Leo mwanangu wa mwisho ana dawati, ana vitabu, na walimu wake huenda semina wakati wa likizo. Dawati amelichonga jina lake kwa bikari. Nikimwuliza wamesoma nini, hunijibu, "Kawaida tu, baba." Kawaida! Sisi tungeyapigania makapi ya kawaida hiyo. Yeye pia namwonea wivu, mtoto wangu wa kumzaa, na hasa ninapomkuta amelala juu ya kitabu kilichofunguliwa.

Tulipomzika baba, Yoramu alikuja kutoka Iringa, ambako sasa anafundisha walimu. Tuliketi pamoja matangani, na nikamwuliza kama aliwahi kujua ruzuku ile ilikuwa kiasi gani. Alijua, kwani baba yake alimwambia. Alipoitaja nilipiga hesabu. Mwaka ule ng'ombe waliokuwa zizini mwa baba, wangeuzwa, wangetosha, na wengine wangebaki. Nikamwomba airudie, nisije nikawa nimesikia vibaya.

"Ndiyo hiyo, ndugu yangu," alisema. "Shilingi mia sita."