Sakafu ya Joto ya Mama Mkwe

Nina miaka kumi na mmoja ya ukwe katika nyumba ile ya Kasubi, Kampala, na mpaka leo sura ya mama mkwe wangu siijui vizuri. Namjua kwa kikohozi chake, kwa kandambili zake zinavyoburuta, na kwa kivuli kinachopita nyuma ya pazia la ukumbini. Kwa Waganda, mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Anayeuvunja mwiko huo, wanasema, hushikwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono. Mimi ni fundi wa vigae. Mikono ikianza kutetemeka nitakula nini? Basi mwiko ule nimeushika kuliko hata wenyewe walionifundisha.

Mama mkwe ni msusi wa mikeka. Amesuka tangu usichana, akiwa amekaa chini sebuleni, miguu ameinyoosha, ukindu umemzunguka pande zote. Kisha magoti yakamvimba. Daktari akamkataza kukaa kwenye saruji baridi, na saruji ya nyumba ile, msimu wa mvua, ilikuwa baridi kweli. Walimletea kiti. Alikikalia siku mbili akasema anajiona kama mgeni aliyekuja kuomba kazi, na mkeka wenyewe haushikiki ukiwa umekaa juu. Akaacha kusuka. Baadaye akaacha hata kuja sebuleni. Misimu miwili ya mvua alilala tu, uso ukutani.

“Maama anazimika,” mke wangu aliniambia asubuhi moja nyumbani kwetu Kyebando, huku akifunga vifungo vya shati la kazi. “Asiporudi chini kwenye mkeka wake, hatutakuwa naye muda mrefu.”

Aliyepata wazo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi bomba katika nchi ya baridi. Kule, alisema, watu hupitisha maji ya moto chini ya sakafu. Alipokuja likizo alitandaza mabomba sebule nzima, yakienda na kurudi, akayaunganisha na tangi la sola lililo juu ya paa, kisha akamwaga zege juu yake. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Kampala, mahali ambapo watu wananunua mapangaboi, mtu anapasha moto sakafu! Nakiri kwamba niliyecheka kwa sauti kubwa zaidi ni mimi.

Likizo ikamwishia kabla ya vigae. Kazi ikabaki mikononi mwangu.

Taabu ilikuwa moja. Koki ya maji ya moto na kipimo chake cha presha vilikuwa kwenye ukuta wa chumba cha kulala cha mama mkwe, mahali ambapo mimi siwezi kutia mguu hata nyumba ikiwaka. Na zege lile halikuwa la kubandikwa vigae hivihivi. Lilitakiwa kupashwa joto taratibu kwanza, leo vuguvugu, kesho zaidi kidogo, mpaka lifike kilele chake na kukaa hapo siku kadhaa, kisha lishushwe polepole na kuzimwa kabisa. Zege hutanuka likipata moto. Kama lina nia ya kupasuka, bora lipasuke likiwa wazi, si chini ya vigae.

Kwa hiyo tukafanya kazi wawili, mimi na mtu nisiyeruhusiwa kumwona. Mke wangu ndiye aliyepanga utaratibu kabla hajakimbilia kazini kwake, kwenye duka la kuchapisha karatasi huko Wandegeya. Nikigonga sakafu mara moja kwa nyundo ya mpira, mama mkwe anafungua koki kidogo. Nikigonga mara mbili, anafunga. Naye akimaliza anagonga ukuta kunijibu. Kila asubuhi nilikohoa barazani, nikasikia kandambili zikikimbilia chumbani na pazia la mlango wake likivutwa, ndipo nikaingia. Nilitambaa kwa magoti nikilipapasa zege kwa kiganja, pembe hadi pembe. Kila nilipoinuka niliguna, maana magoti ya fundi wa vigae ni ya kuguna tu.

Siku ya nne ulitokea ufa mwembamba karibu na dirisha. Nikauziba. Niligandisha karatasi ya plastiki juu ya zege kupima unyevu, kesho yake nikaikuta kavu, bila tone. Koki ikafungwa, sakafu ikapoa. Mpaka hapo nilikuwa fundi mtiifu.

Hapo mazoea yakanishika mkono. Fundi wa kwetu, awe amejifunzia Bukavu, Kongo, kama mimi au hapa Kampala, haliamini zege laini. Kabla ya kubandika huchukua nyundo na tindo akalidonoa kote, ili gundi ipate pa kung’ata. Tunasema tunaipa sakafu meno. Shemeji alikuwa ameniambia kwenye simu nisugue tu kwa jiwe la msasa, nisipige kitu chochote. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomwitikia mtoto anayemfundisha kula. Miaka ishirini nabandika vigae, sijaona kimoja kikibanduka. Nikapiga magoti, nikaweka tindo, nikapiga. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

“Wewe! Simama!”

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Kiswahili cha mama mkwe ni cha kambi ya polisi, alikoishi na marehemu mumewe, na kinatoka kama amri.

“Wewe muko! Acha hiyo nyundo! Paipu iko chini hapo, mimi niliona na macho yangu! Unataka kuua sakafu yangu?”

Muko ni mkwe kwa Kiganda, na hayo yalikuwa maneno ya kwanza kuniambia mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, kwa miaka kumi na mmoja. Nilibaki na nyundo hewani. Kisha nikatazama nilipopiga. Ndani ya tundu la nne vumbi lilikuwa na unyevu.

Bomba likitoboka, zege lote livunjwe, na aliyeijua kazi yake yuko ng’ambo. Mama mkwe atarudi kitandani, ageuze uso ukutani, na safari hii atakuwa amelazwa na mimi, kwa kiburi changu tu.

“Maama,” nikasema, nikiliangalia pazia bila kuliangalia. “Nisamehe. Tafadhali angalia kipimo. Mshale uko wapi?”

“Iko kwa mbili.” Ndipo shemeji alipouacha.

“Mbili kamili?”

“Kidogo chini.”

“Maama, chini kabisa au kidogo?”

“Ngoja nivae miwani.” Nikasikia droo ikifunguliwa na kufungwa, kisha ikafunguliwa tena. “Mbili. Mbili yenyewe. Wewe kaa hapo, mimi naangalia.”

Presha ikianza kushuka, maji yanavuja. Hakukuwa na njia nyingine ya kujua isipokuwa kungoja. Akavuta kigoda mbele ya kipimo, mimi nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, na katikati yetu pazia lenye maua yaliyofifia. Kila baada ya muda alisema, “Mbili,” nami nikajibu, “Ndiyo, maama.” Saa zikaenda hivyo.

Kimya kikimzidi akauliza, “Huko Bukavu, mama yako alikuwa anafanya kazi gani?”

“Alikuwa anauza samaki wadogo wa ziwani.”

“Alikufa lini?”

“Nilipokuwa nimeshakimbilia huku. Sikumzika.”

Hilo sikuwahi kumwambia mtu katika nyumba ile. Siku ya kujitambulisha ukweni, wenzangu huja na mama, shangazi na kundi zima la ukoo. Mimi nilikuja na mafundi wenzangu watatu waliovaa kanzu za kuazima. Nilidhani alinidharau kwa hilo. Nilidhani hivyo kwa miaka yote.

“Pole, muko,” akasema. Halafu, baada ya muda: “Mbili.”

Alasiri, jua lilipofika dirishani, nilifuta lile tundu kwa kitambaa na kuliangalia tena. Lilikuwa kavu. Ule unyevu ulikuwa jasho langu mwenyewe, lililodondoka nilipoinama. Nikamwambia. Nikasikia mama mkwe akicheka, kicheko cha puani ambacho mke wangu amekirithi chote.

Nikaziba yale matundu manne. Tindo nikalitupa ndani ya ndoo, nikachukua jiwe la msasa, nikasugua sebule nzima kwa mkono mpaka ule utando mweupe wa juu ukatoka wote. Nikafagia, nikafuta kwa kitambaa kibichi mara tatu, nikapaka dawa ya kushikisha gundi. Nilipokuwa nakusanya vyombo ili niondoke, sauti ikatoka tena nyuma ya pazia: “Webale kukola, muko.” Ndiyo shukrani ambayo Mganda humpa yeyote anayemkuta kazini, hata asiyemjua. Mimi nilikwenda nayo njia nzima mpaka Kyebando.

Vigae nilibandika kwa gundi ile inayonyumbuka, sakafu ikiwa baridi, nikaacha nafasi ndogo kando ya kuta zote ili zege lipate pa kutanukia. Baada ya hapo ilikuwa kusubiri wiki kadhaa bila kufungua koki. Kila siku mama mkwe alimtuma mke wangu kuuliza kama bado. Bado, nilijibu. Nilikuwa nimejifunza adabu.

Siku yenyewe, koki ilipofunguliwa, nilikaa nje barazani, mgongo kwa mlango, kwa sababu sasa sebule ilikuwa yake. Mke wangu alitaka kumshika mkono ashuke, akakataliwa. Nilisikia yote. Kiganja kikishika ukuta. Pumzi. Goti likilia, na yeye akiguna. Mikono yangu ilitaka kwenda, nasema kweli, ilitaka kwenda imshike. Niliikalia. Alishuka kidogo kidogo, akatua.

“Joto inapanda,” akasema. Kisha akaanza kukipigapiga kigae kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Pale barazani nilitokwa na machozi, na sikujisumbua kuyaficha.

Baada ya wiki moja mke wangu alirudi kutoka Kasubi na vimkeka viwili vidogo, vinene, kila kimoja ukubwa wa kitabu, vimetiwa kamba pembeni. Ndivyo vya kwanza alivyosuka. Nikadhani ni vya kuwekea sufuria.

“Ni vya magoti,” mke wangu akasema. “Anasema, mwambie muko, mimi nilisikia kila alipoinuka.”