Maziwa Niliyoyarudisha Mlangoni

Nakumbuka siku niliyomrudishia mama mkwe wangu dumu lake la maziwa. Hata ndani hakuwa ameingia. Alikuwa bado anavua kandambili pale mlangoni kwetu Chang'ombe, jasho linamtoka, maana dumu lile alikuwa amelibeba tangu Kigamboni, amevuka nalo pantoni, amepanda nalo gari, kisha akatembea. Nikampa shikamoo yake vizuri, halafu nikamwambia maziwa arudi nayo.

Mwanangu, nakuandikia haya kwa sababu mumeo ameniambia kwamba mjukuu wangu Nasra hapewi tena maziwa, eti yanamjaza makohozi. Sina nia ya kukugombeza. Mie ni mama mkwe, na najua maneno ya mama mkwe yanavyopokelewa, maana na mie niliwahi kuyapokea kwa jicho hilohilo.

Wakati huo baba mkwe wako alikuwa kibarua kiwandani, na tulipanga chumba na sebule katika nyumba ya wapangaji sita. Zuhura, wifi yako huyu unayemwona leo na mwili wake, alikuwa na miaka miwili na kifua kisichotulia. Alikuwa anakoroma akiwa macho. Kamasi nafuta, zinashuka, nafuta tena. Siku nyingine alikohoa mpaka akatapika. Kila aliyepita alikuwa na dawa yake, lakini neno lililoniingia ni la Mama Shani, jirani wa chumba cha pili.

"Wewe huoni akishakunywa maziwa mate yanavyokuwa mazito?" akaniambia. "Ndiyo makohozi yenyewe hayo. Mkatie maziwa uone."

Nikatazama, na kweli mate yalikuwa mazito. Nikaridhika moja kwa moja. Uzuri wa ushauri ule ni kwamba mimi haukunigusa popote. Maziwa hayakuwa yangu, yalikuwa ya mama mkwe.

Bi Mwanahawa, Mungu amrehemu, alifuga ng'ombe wawili uani kwake, na kila Jumamosi alimletea mjukuu wake maziwa. Siku ile nilipomwambia arudi nayo, aliniuliza swali moja tu.

"Kasema daktari?"

"Hapana, mama. Ila watu wote wanajua."

"Haya."

Akaomba maji, akanywa, akabeba dumu lake akaondoka. Sikuona haya hata kidogo. Nilijiona mama hodari anayempigania mwanawe.

Kwa mwezi na nusu Zuhura hakuonja maziwa. Nilimpa uji mtupu na chai ya rangi, na pale yalipotoka maziwa sikuweka kitu kingine. Kikohozi kilibaki palepale, kilichoondoka ni mashavu. Gauni lake la Idi likawa linamwanguka mabegani. Kliniki walipompima uzito, nesi akanitazama usoni akaniuliza mtoto anakula nini. Nikamjibu nusunusu, kwa kuogopa kusemwa mbele ya wenzangu kwenye benchi. Niliogopa zaidi ya hapo, mwanangu. Niliogopa mtoto atanifia mikononi. Na bado sikuyarudisha maziwa, kwa kuwa sikujua ningemtazamaje mama mkwe.

Sasa kuna jambo sijakwambia. Nilikuwa napika udi. Kazi hii unayoniona nayo niliianza pale pale sebuleni, jiko la mkaa katikati, sukari inayeyuka sufuriani, natia vipande vya udi, marashi na mafuta yangu mengine ambayo hata wewe sitakutajia. Wapangaji wenzangu walikuwa wanachungulia wapate kujua ninachanganya nini. Basi nilifunga mlango, nikafunga madirisha, nikateremsha na mapazia. Kila sufuria ilipokaribia kuiva nilitupia kipande kwenye mkaa nisikie harufu imekaaje. Zuhura alikuwa humo humo, anacheza na vifuniko vya chupa za marashi. Wateja walinisifu kwamba hata mwanangu ananukia.

Bi Mwanahawa alirudi siku moja bila dumu. Akambeba Zuhura, akampima kwa mikono.

"Nipe mjukuu wangu siku kumi," akasema. "Nitamleta mwenyewe."

Nikampa. Siku ya kumi akamleta, na mtoto alikuwa mwingine. Mashavu yameanza kurudi, pua kavu, anapumua humsikii. Nikamuuliza amempa dawa gani.

"Maziwa. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Nayachemsha yanafura, yakipoa anakunywa."

Nikapandwa na hasira. "Mama, si nilikukatazia?"

Ilikuwa alasiri, na nilikuwa na sufuria ya udi wa bibi harusi juu ya jiko, mlango nimeshaufunga kama kawaida yangu. Nikatupia kipande kwenye mkaa. Moshi ukapanda, ukatanda sebule nzima. Bi Mwanahawa hakuwa amemaliza kikombe cha chai niliyomwekea, Zuhura akaanza kukohoa, kile kikohozi chake kilekile, macho yanamtoka. Bibi yake akambeba mbio akatoka naye nje barazani. Alipotulia akaniita.

"Maziwa yangu uliyafukuza siku moja, hujauliza mtu," akaniambia, sauti ya chini ili wapangaji wasisikie. "Udi wako je, umewahi kuuliza? Mie na udi tumezaliwa nao nyumba moja, lakini naufukizia nguo uani, mtoto yuko kwingine. Wewe unampikia mtoto moshi kila siku, halafu unamlaumu ng'ombe wangu."

Nililia pale pale. Nililia kwa aibu, tena nililia kwa sababu ya lile gauni la Idi.

Kesho yake nilimpeleka Zuhura hospitali nikasema yote. Daktari akamsikiliza kifua, akaniambia njia zake za hewa ni nyepesi kuchokozeka, na moshi ndio unaozichokoza. Kuhusu maziwa, alinieleza kwamba yakichanganyika na mate yanakuwa mazito mdomoni, mtu anahisi ana makohozi, lakini si kwamba yanayatengeneza kifuani. Alisema wapo watoto ambao maziwa kweli yanawakataa: tumbo linajaa na kuharisha, au ngozi inatoka mapele na midomo inavimba. Hao huachishwa kwa kauli ya daktari, na wanapangiwa chakula kingine cha kushika nafasi ile.

Jiko nikalihamishia uani. Mama Shani akaona kila ninachotia, na kabla ya Ramadhani naye alikuwa anauza udi wake. Nikakasirika, lakini Zuhura alikuwa anapumua. Mafua yalimpata kama watoto wenzake, yakaja yakaisha. Bi Mwanahawa nilimtumia salamu kwamba maziwa yaje, na Jumamosi iliyofuata ile siku ya hospitali nilikwenda kumngoja kituoni, nikampokea dumu. Nililibeba mwenyewe mpaka nyumbani, na nikawa nalibeba kila wiki hadi nguvu za safari zilipomwishia.

Kwa hiyo, mwanangu, mimi sijui kinachomkohoza Nasra. Labda ni mafua ya shule, labda ile dawa ya mbu mnayowasha. Ninachokuomba ni hiki. Mpeleke asikilizwe kifua. Usimwondolee mtoto chakula kwa maneno ya jirani, wala ya simu, wala ya kwangu. Ukitaka kujaribu, jaribu jambo moja kwa wakati, utazame, na kama halikusaidia uwe na ujasiri wa kulirudisha. Na kabla hujamkatia kilichotoka kwa mwingine, chungulia kwanza kile unachokipenda wewe.

Na mimi nimeanza kujichungulia. Lile kopo la udi ninalokuletea kila mwezi, ambalo mumeo anasema unalifukiza chumbani kwa Nasra ili nikija nisikie harufu, nifurahi: anza na hilo. Jumamosi ninakuja. Nirudishie mlangoni, kabla sijavua viatu, na nitalipokea kwa mikono miwili.

Mwenyezi Mungu amjaalie Nasra pumzi nyepesi, akuzidishie wewe subira juu yangu, na siku ukiwa mama mkwe akupe mkwe atakayekwambia ukweli.